Weusi katika vipande vya ufizi uliovimba: je, ni kimeng'enya kweli?

Muulizaji
Habari zenu. Ninachunguza kwa hadubini fizi zilizovimba, nikitafuta fosfatesi alikali, kimeng'enya kinachong'oa fosfeti, kwa mbinu aliyoichapisha Gomori, mtaalamu wa kemia ya tishu, mwaka 1939. Katika vipande vilivyogandishwa, kuta za kapilari zilizo chini ya epitheli (tabaka la juu la ufizi) zimekuwa nyeusi, vivyo hivyo viini vya seli kadhaa na punje fulani pembezoni. Lakini vipande vya ufizi huohuo vilivyopitia formalini na nta ya moto havionyeshi karibu chochote. Niamini vipi?

Mjibu wa kwanza
Amini vilivyogandishwa, ila kwa tahadhari, kwa sababu formalini na joto la nta huua sehemu kubwa ya utendaji wa kimeng'enya. Kumbuka kwamba weusi huo si kimeng'enya chenyewe: kimeng'enya hung'oa fosfeti kutoka kwenye gliserofosfeti, kalsiamu iliyomo katika mchanganyiko wenye pH ya takriban 9 huidaka papo hapo, kisha kobalti huchukua nafasi ya kalsiamu, na hatimaye salfaidi huifanya nyeusi. Kapilari zina kimeng'enya hiki kweli, na nutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) pia. Viini vya seli ni jambo jingine. Mara nyingi huwa vyeusi kwa sababu ya fosfeti iliyosambaa wakati wa kuloweka kwa muda mrefu mno, kwa hiyo punguza dakika. Punje za pembezoni ndizo zinazonitia shaka zaidi, maana ukoga uliokwisha kuwa mgumu umejaa kalsiamu fosfeti tayari, nao hugeuka mweusi hata pasipo kimeng'enya. Loweka kipande kimoja bila gliserofosfeti, na kingine ukitie levamisoli, dawa ambayo huizuia fosfatesi hii; weusi utakaobaki hapo si wa kimeng'enya hicho.

Mjibu wa pili
Naafiki. Hata hivyo, ikiwa shabaha yako ni kujua kinachokata kolajeni, yaani protini inayoushikilia ufizi, fosfatesi haitakuonyesha. Kingamwili dhidi ya MMP-8, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, itakuonyesha mahali kilipo, bali mara nyingi haibagui kilicho hai na kile ambacho bado kimefungwa, yaani hakijaanza kufanya kazi. Jelatini yenye fluoresini (rangi inayong'aa), ikimwagwa juu ya kipande kibichi, hung'aa kijani pale tu inapokatwa, ingawa wakataji wake wakuu ni MMP-2 na MMP-9, ndugu za MMP-8, si MMP-8 yenyewe.

Muulizaji
Nawashukuru. Nimerudia bila gliserofosfeti: kapilari zote zimebaki angavu, na viini pia, lakini zile punje za pembezoni zimekuwa nyeusi kama mwanzo. Nimeziondoa katika hesabu yangu.