Tepu kwanza jamani, santuri zinaweza kungoja

Ule mjadala wa jana wa kuhifadhi muziki wetu wa zamani haujanitoka kichwani. Kuna waliosema tununue santuri tuziweke, eti hiyo ndo sauti yenyewe, na wengine wakasema weka kila kitu kwa fleshi tumalize. Mi naona wote mmeruka tepu, ule utepe wa sumaku wa kurekodia.

Santuri haina haraka. Ni plastiki imechongwa mfereji, ukiisimamisha kama kitabu mbali na jua inakaa tu. Nimenunua zile ndogo za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, pale Kenyatta Market, za miaka ya 70, enzi River Road ya Nairobi imejaa maproduza na bendi za kina Simba Wanyika na Super Mazembe ziko mjini, nikaziosha na sabuni kidogo zikalia vizuri, mikwaruzo ipo lakini gitaa unalisikia.

Tepu ndo inakufa tukiongea hapa. Ile poda ya sumaku imeshikiliwa na gundi, na gundi inanyonya unyevu miaka na miaka mpaka inaanza kunata. Juzi nimeweka rili, tepu ya gurudumu, ya kwaya iliyokaa kabatini tangu nikiwa mtoto, dakika mbili haijaisha ikaanza kulia kama breki za matatu, kuizima naona hedi, ile sehemu ya mashine inayosoma tepu, imejaa uchafu wa kahawia, na hiyo kahawia ndo nyimbo zenyewe zinabanduka. Niliumia sana. Tepu za hivyo fundi huzikausha kwa joto la kama digrii 50 masaa kadhaa, zinakubali kucheza kwa muda, na hapo ndo unanakili haraka.

Na nyinyi wa fleshi, MP3 si kuhifadhi, inatupa sehemu ya sauti ndo faili iwe ndogo. Wanaohifadhi kikweli hutumia WAV, faili isiyotupa sauti, ya biti 24 kilohezi 96, yaani sauti inapimwa mara 96,000 kwa sekunde, na CD ni biti 16 kilohezi 44.1 tu. Halafu diski hufa bila kuaga, weka nakala tatu na moja ikae nyumba nyingine, na tepu yenyewe usitupe. Moto wa 2008 pale Universal Studios, California, uliteketeza tepu asili kibao, na hao ni watu wenye pesa.

Kwa hivyo pesa ya umma ikipatikana isiende kununua santuri za kuwekwa kwa kabati la vioo. Alipwe fundi mwenye mashine ya rili bado inazunguka, aanze na kwaya na bendi ndogo ambazo hazikuwahi kutoa santuri, maana hizo hazina nakala kwingine. Mwenye anapinga aniambie, tepu ya nani ndo itangoja?