Naomba ushauri: taa ya sensa inawaka bila mtu, Dunga, Kisumu

Hamjambo wandugu. Mama ana banda la kuku hapa Dunga, na ukutani kuna taa ya sensa ili mwizi akisogea iwake. Jioni, joto likiwa bado limekaa kwenye mabati, mtu anaweza kupita mbele yake isimwone. Halafu usiku wa manane inawaka yenyewe, kuku wanaamka, mama anatoka na tochi. Halali siku hizi, na hilo ndilo linaloniuma.

Ninavyoelewa, sensa hiyo haitoi mwali wowote. Inapokea mionzi ya joto la mwili, yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10, na ndani yake mna vipokezi viwili vinavyolinganishwa. Kimoja kikipata joto kabla ya mwenzake, inajua kuna kitu kinachotembea. Ndiyo maana ukikatiza mbele yake inakuona haraka kuliko ukiijia moja kwa moja. Na hewa ikifika nyuzi 32, ngozi ya mtu na ukuta ulio nyuma yake havitofautiani sana. Hapo naielewa.

Kuwaka usiku ndiko kunakonishinda. Je, ni wadudu wa ziwani wanaotambaa kwenye lenzi, bati linalopoa, au kuku wenyewe? Nipunguze usikivu wake au niielekeze njiani? Na kuna aliyetumia ile yenye sensa ya joto pamoja na ya mawimbi ya redio, isiyowaka mpaka zote mbili zikubaliane? Mafundi wa mjini wanayo?