Hivi kwa nini maghorofa mapya yote yanafanana? Ni wachoraji wavivu au ni sheria?

korido_giza:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanikera toka nihamie hapa ninapokaa, jengo jipya kabisa la ghorofa sita, ukifika chini unapokelewa na magari, mlango wa watu umebanwa pembeni huko kama hawautaki, ukipanda juu ni korido ndefuuu katikati haina dirisha hata moja, taa zinawaka saa sita mchana, milango kushoto na kulia kama gesti. Kwangu madirisha yako upande mmoja tu, nikiyafungua upepo hauingii kwa sababu ukishaingia utokee wapi. Ng'ambo ya barabara kuna kajengo ka zamani, chini kinyozi na fundi cherehani, juu wanakaa watu, madirisha mbele na nyuma, yaani raha. Nikamwambia fundi mmoja kwa nini msingejenga kama lile, akacheka, eti lile leo hupewi kibali. Sasa nauliza, nani kakataza na alikuwa anawaza nini?

ramani_mkononi:
Mkuu usitutukane bure hahaha, uvivu upo ila hapo siyo wenyewe. Mi kazi yangu ndo hii ya kuchora na nikwambie ukweli, nikipewa kiwanja kitu cha kwanza sichori nyumba, nachora magari. Miji mingi inataka kila nyumba iwe na pakingi kadhaa, sehemu nyingine moja, nyingine mbili, bila hizo kibali sahau. Piga hesabu, gari moja linakaa kwenye mita 2.5 kwa 5, hapo mita za mraba 12 na nusu, ukijumlisha na njia ya kupita na kugeuzia unafika 25 mpaka 30. Magari mawili ni 50 au 60, na chumba na sebule yako yote pengine haifiki hapo. Yaani gari ambalo huna limetengewa nafasi kubwa kuliko wewe.

Kiwanja kikiwa kidogo hesabu inagoma, ndo maana vijengo kama hicho cha kinyozi havizaliwi tena, anabaki mwenye hela ya kununua viwanja vitatu akaviunganisha, floo ya chini yote inaliwa na pakingi, na barabara inabaki na ukuta. Kuna profesa wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, Donald Shoup, kafariki 2025, alishughulika na hili suala la pakingi miaka na miaka, na moja ya aliyoyaonyesha ni kwamba hizo namba mara nyingi hazina utafiti wa maana, mji unakopi tu toka mji jirani. Buffalo kule Marekani wakaifuta sheria yao mji mzima 2017, Mexico City mwaka huohuo wakaigeuza kichwa chini miguu juu, badala ya kiwango cha chini cha pakingi wakaweka kiwango cha juu. Kufuta siyo kupiga marufuku lakini, anayetaka kujenga pakingi anajenga, ila halazimishwi.

floo_ya_tano:
Ramani kajibu floo ya chini, mi nijibu korido.

Korido ni mtoto wa ngazi. Kule sheria inakotaka kila flati iwe na njia mbili za kutokea moto ukiwaka, maana yake ngazi mbili zilizoachana, na ili kila mtu azifikie zote lazima korido iziunge. Korido haimlipi mwenye jengo hata senti, kwa hiyo anapanga flati pande zote mbili ili gharama irudi, na hapo kila flati inabaki na ukuta mmoja tu unaoona nje. Sasa ongeza kwamba chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha, ukuta mmoja una nafasi ya madirisha mangapi? Ndo unaona majengo mazima ni chumba kimoja kimoja, mtu ana watoto watatu anatafuta mpaka viatu vinaisha. Marekani na Kanada ndiko hili limekaza zaidi, jengo la ghorofa chache tu tayari ngazi mbili. Ulaya sehemu nyingi wanajenga ngazi moja katikati, flati mbili mpaka nne zinaizunguka, kila moja inapata pande mbili za hewa. Hata Marekani yenyewe Seattle wanaruhusu ngazi moja mpaka floo sita, kwa masharti, flati zisizidi nne kila floo na vinyunyizio vya maji vya kuzima moto viwepo.

zimamoto_mstaafu:
Vijana punguzeni mwendo kidogo. Mnaongelea ngazi kama vile ni kupoteza nafasi tu, wengine tumezipanda moshi umejaa huoni hata mkono wako. Grenfell Tower, London, 2017, jengo la floo 24, ngazi moja, moto ukapanda nje kwenye yale mapambo ya ukuta, watu 72 wakafa. Kwenye ngazi hiyohiyo moja wakazi wanashuka, askari na mipira wanapanda. Sasa hivi England wameamua majengo mapya ya makazi kuanzia mita 18 ngazi mbili, inaanza Septemba 2026. Msiseme tu sheria mbaya sheria mbaya, nyingi ukizifukua chini yake utakuta kaburi.

floo_ya_tano:
Shikamoo mzee. Sikatai kabisa, ila hiyo mita 18 uliyoitaja ndo floo ya sita hivi, kwa hiyo hata England baada ya yote yale bado chini ya hapo ngazi moja inaruhusiwa. Mi siongelei mnara wa floo 24.

zimamoto_mstaafu:
Marahaba. Kwa floo sita zenye vinyunyizio vinavyofanya kazi na mtu anayevikagua, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni wale wanaofuta sharti la ngazi leo, vinyunyizio wanasema vinakuja.

tofali_dirishani:
Haya mambo ya zamani sana jamani. England waliweka ushuru wa madirisha 1696, madirisha mengi ushuru mkubwa, watu wakafanyaje? Wakayaziba kwa matofali, wakakaa gizani. Ushuru ukaja kufutwa 1851 ila hayo madirisha yaliyozibwa ukienda leo unayaona kwenye nyumba za zamani. Mambunge mangapi yamepita hapo katikati, tofali lipo tu.

Paris nayo zile paa zilizolala zenye vyumba ndani, watu wanadhani ni urembo. Toka 1783 kimo cha nyumba kiliwekewa kikomo na kikapimwa mpaka ukingo ambapo ukuta unaishia, cha juu yake ni paa, basi wajanja wakaongeza floo ndani ya paa. New York 1915 likajengwa Equitable Building, dude limepanda wima toka barabarani mpaka juu, mitaa ikakosa jua, 1916 wakatunga sheria jengo likipanda lirudi nyuma kwa hatua. Yale majengo ya miaka ya 20 na 30 yenye umbo la ngazi, Empire State ikiwemo, umbo lake lilianzia kwenye karatasi ya halmashauri. Afu 1961 wakabadilisha, ukiacha uwanja wazi chini unaongezewa floo juu, ghafla maboksi ya vioo na viwanja vitupu vya upepo kila kona.

Kwa hiyo korido_giza jengo lako linafanana na jirani kwa sababu yote mawili yamejibu mtihani mmoja.

sina_kiwanja:
Mnaongea vizuri ila mnaongea kama vile sheria zote zimeandikwa na mtu aliyekosea hesabu. Nyingine hazijakosea, zimefanya kazi iliyokusudiwa. Ukisema kiwanja kisipungue ukubwa fulani, na nyumba iwe moja tu kwenye kiwanja, hujaandika popote kwamba maskini asikae hapa, ila umeshamaliza. 1926 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ilikubali mji una haki ya kugawa maeneo namna hiyo, na jaji kwenye hukumu alifananisha jengo la flati na kupe, eti linanyonya uzuri wa nyumba za watu. Kupe ndo sisi wapangaji.

Auckland kule New Zealand 2016 waliruhusu ujenzi wa kubanana zaidi karibu robo tatu ya maeneo ya makazi, na nyumba zikajengwa kweli, nyingi ni zile za kuungana. Nakubali. Ila kuruhusu tu mwenye hela anajenga kinachomlipa yeye. Vienna kule Austria walienda mbali zaidi, 1923 wakaweka ushuru wa nyumba ambao mwenye jumba la kifahari alilipa mara nyingi zaidi ya mwenye chumba, hela ikajenga flati zaidi ya 60,000 kufikia 1934, na mpaka leo jiji lenyewe ndo mwenye nyumba wa flati kama 220,000. Singapore toka 1960 wana bodi yao ya serikali, wakazi wanane kati ya kumi wanakaa kwenye nyumba ilizojenga. Kibali peke yake hakimpi mtu pa kulala.

ramani_mkononi:
Sina_kiwanja hapo umenipata, ingawa Vienna nao wanachora ngazi moja bana.

Ila tusimsahau kinyozi. Japani sheria ya matumizi ya ardhi ni ya nchi nzima, na hata kwenye eneo la makazi lililobanwa kuliko yote unaruhusiwa kuwa na kaduka ndani ya nyumba unayokaa, mradi kasizidi mita za mraba 50 na wala kasizidi nusu ya nyumba. Ndo maana Tokyo ukitembea vichochoroni unakuta watu wanaishi na kufanya kazi pamoja. Na gari kule mzigo ni wa mwenye gari, toka 1962 lazima uonyeshe una pa kuliweka ndo usajiliwe, tofauti kabisa na kumlazimisha kila mpangaji alipie pakingi aitumie asiitumie.

korido_giza:
Aisee asanteni sana, nimesoma yote. Jana usiku nilishuka chini kuhesabu, nafasi 24, magari 11. Nikamuuliza msimamizi hivi zile tupu za pembeni haziwezi kugeuzwa kakibanda, yule fundi cherehani ng'ambo anasema kwake kumekuwa kudogo. Akaniangalia kama nimelewa.

ramani_mkononi:
Hajakosea huyo. Kwenye kibali pameandikwa pakingi, kupageuza kuwa duka ni maombi mapya ya kubadili matumizi, na kitu cha kwanza utakachoulizwa ni wateja wa hilo duka watapaki wapi.

korido_giza:
😂😂 basi naenda kuwasha taa ya korido, saa saba mchana hii.