Taa au dirisha: nichore chumba kwa mwanga gani?

KivuliKirefu: Wakuu, nataka kuanza picha za ndani ya nyumba: mtu anashona, meza, vyombo. Napenda vivuli vizito. Ninunue taa, au dirisha linatosha?

BrashiKavu: Hujasema unatumia rangi gani, dirisha linatazama wapi, unachora saa ngapi. Tupige ramli?

MamaTurubai: Dirisha, mwanangu. Moja tu, mengine shusha mapazia. Tazama picha za Vermeer, yule mchoraji Mholanzi: mwanga unaingia kushoto, unafifia ukutani taratibu, na bado mtungi unauona.

TaaMoja: Jua likisogea, kivuli nacho kimehama. Taa inakusubiri. Iweke pembeni, ya mbele inafuta vivuli. Ukiisogeza karibu na mtu, yeye anang'aa na ukuta wa nyuma unazama gizani. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo uzito wa kivuli unaupanga mwenyewe.

RangiMbichi: Balbu ndiyo ya kuangalia. Mimi niliuziwa taa ya LED, boksi limeandikwa "mwanga wa mchana". Nikachora jiko usiku kucha. Nyanya zilionekana kahawia, nami nikawa naongeza nyekundu, naongeza tu. Asubuhi natoa turubai nje: jiko zima limewiva, hadi sufuria! Kumrudishia muuzaji, akaiwasha mbele yangu: "Si hii inawaka?" Siku hizi sinunui balbu yenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi, hadi 100) chini ya 90. Halafu zinatakiwa taa mbili: ya chumba hata iwe ya njano, 2700K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), lakini ya turubai na paleti, ubao wa kuchanganyia rangi, iwe nyeupe, kama 5000K.

KivuliKirefu: Samahani, ni rangi za mafuta. Nachora usiku nikitoka kazini.

BrashiKavu: Usiku! Na dirisha uliliulizia la nini?

MamaTurubai: Jumapili ipo.

TaaMoja: Na vivuli usivipake nyeusi tupu, vitakufa. Changanya amba iliyochomwa, ile kahawia iliyokolea, na buluu ya ultramarini.

MzeeMkaa: Nyeusi imewakosea nini? Zorn, mchoraji wa Sweden, anajulikana kwa paleti ya rangi nne, nyeusi ikiwemo. Ichanganye na njano uone kijani kinavyotoka.

TaaMoja: Zorn alijua anachofanya. Anayeanza atapaka masizi.

MzeeMkaa: Atajuaje bila kupaka?

RangiMbichi: Mzee, hicho kijani ni njano ipi? Ya oka, ile ya udongo, imenigomea.

KivuliKirefu: Kwa hiyo taa ni mbili?