Mjadala: Kusimama tu mahali bila shughuli, ni kosa au ni macho ya anayekutazama?

Wadau naomba hili tulijadili kwa utulivu. Kuna ndugu mmoja tumebishana naye sana, yeye anasema sheria za uzururaji ni lazima ziwepo, mtu asiye na shughuli hana haki ya kuganda mahali pa watu wote, na akaongeza kwamba Waingereza walioziandika walijua wanachokifanya maana wana neno lake kabisa, loiter, yaani kuzubaa mahali bila shughuli, na kama kosa lina jina basi kosa lipo. Mi nikamwambia hapo hapo kwenye hilo neno ndo kuna tatizo, na nimeona nilete hapa kwa urefu.

Kiingereza kina maneno kibao ya mtu anayekwenda taratibu au anayebaki mahali bila haraka. Linger, saunter, amble, meander, dawdle, dally, loaf, loiter, na mengine mengi. Ukitazama miguu tu utaona ni kitu kilekile, mtu anatembea polepole au kasimama. Ila uzito wake haufanani hata kidogo. Wapenzi wanaoshindwa kuagana mlangoni hao wana linger, neno la upole, ukoo mmoja na long, yaani wanarefusha muda. Mtoto anayejikokota asubuhi anaambiwa dawdle, anagombezwa kidogo yanaisha. Amble ni mwendo wa raha wa farasi. Meander ni jina la mto, upo Uturuki mpaka leo, unapindapinda kweli. Saunter, yaani kutembea kwa madaha, ndo lina heshima kuliko yote, mwandishi wa Marekani Thoreau mwaka 1862 alidai limetokana na mahujaji waliokuwa wanakwenda Nchi Takatifu, asili hiyo wataalamu hawaikubali lakini ona jinsi mtu alivyotafuta utakatifu kwa ajili ya matembezi ya bwana mwenye nafasi yake.

Sasa njoo kwenye loiter. Hili linasemekana kutoka Kiholanzi cha zamani, neno la kitu kilicholegea kinachotikisika, kama jino linalotaka kung'oka. Na ndo hilo tu kati ya yote niliyotaja lililobandikwa kwenye vibao vya ukutani na kuingia kwenye hati za mashtaka. Hakuna kibao popote kinachosema ni marufuku kufanya saunter. Kwa nini? Kwa sababu mwenye pesa akitembea polepole tunasema anapunga upepo, maskini akitembea polepole tunasema anazurura, mwendo ni mmoja ila shati ndo limebadilika.

Na hii si hisia yangu tu, historia ya hizo sheria inasema hivyohivyo. Uingereza baada ya tauni kubwa ya karne ya 14 wafanyakazi walikuwa wachache, wakaanza kuhama kutafuta ujira mzuri, mabwana wakakasirika, ndo ikatoka amri ya 1349 kwamba kila mwenye afya aliye chini ya miaka 60 na asiye na mali yake afanye kazi kwa ujira wa zamani. Yaani shida haikuwa uvivu, shida ilikuwa mtu kuwa na miguu yake mwenyewe. Mwaka 1547 wakafika pabaya zaidi, mzururaji anapigwa chapa ya herufi V kifuani na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili, sheria ile hata wao ikawashinda wakaifuta baada ya muda mfupi. Halafu ikaja ile ya 1824 ambayo ndo mama wa nyingi zilizosambazwa kwenye makoloni, ikiwa na majina ya mtu mzembe na mkorofi, mhuni na mzururaji, mpaka mhuni asiyerekebishika. Angalia vizuri, hayo si matendo, hayo ni matusi yaliyovalishwa joho la hakimu.

Kipande kimoja cha hiyo ya 1824 kiliruhusu polisi kumkamata yeyote wanayemshuku kwamba anazubaa mahali kwa nia ya kufanya uhalifu. Vijana weusi wa London miaka ya 70 walikamatwa nacho mpaka chuki ikajaa, ghasia za Brixton, mtaa wa hukohuko London, zikalipuka Aprili 1981, na mwaka huohuo Bunge likakifuta. Mtu mzima unajiuliza, miaka zaidi ya 150 ilikuwa inatakiwa nini kingine ili waone?

Marekani nako vilevile. Utumwa umeisha 1865, haijapita hata mwaka majimbo ya kusini yanatunga sheria za uzururaji, mtu mweusi akikutwa hana mkataba wa kazi anakamatwa, anapigwa faini, akishindwa kulipa anakodishwa kufanya kazi, mara nyingine kwenye mashamba yaleyale aliyotoka. Mahakama Kuu ya nchi ilikuja kuliangalia suala hili kwa uzito mwaka 1972 kwenye kesi ya Papachristou dhidi ya mji wa Jacksonville, na sheria ya mji ule nawaomba mjue ilivyokuwa, iliwataja wahuni na wazururaji, watu wanaotembea huku na huko bila shughuli halali, na hata wale waliozoea kukaa bure. Majaji wakasema sheria kama hiyo mtu wa kawaida hawezi kujua lini amevunja, na polisi anaweza kumkamata anayemtaka. Ikafutwa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Edward Lawson, mtu mweusi aliyekuwa anapenda kutembea kwa miguu California, hadi usiku. Kati ya 1975 na 1977 alisimamishwa au kukamatwa kama mara 15, eti ajieleze yeye ni nani na anafanya nini. Mara kumi na tano jamani! Kesi yake ilifika Mahakama Kuu na 1983 akashinda. Huyo angekuwa profesa mzungu mwenye mvi tungeambiwa anafanya saunter, anawaza mambo makubwa.

Sasa niwe mkweli, upande wa pili una hoja na sitaki kuidharau. Chicago mwaka 1992 walipitisha sheria dhidi ya magenge kukaa vijiweni, na waliokwenda kuiomba walikuwa wakazi wenyewe, watu waliochoka kuogopa kutoka nje kwa sababu kona imekaliwa na vijana wanaouza dawa za kulevya na kutisha watu. Hofu ile ilikuwa ya kweli, mama anayeogopa kumtuma mtoto nje huwezi kumwambia historia ya mwaka 1349. Lakini angalia walivyoandika, kuzurura ni kubaki mahali pamoja bila sababu inayoonekana. Inayoonekana na nani? Na polisi aliyesimama pale. Ndani ya miaka 3 wakatoa amri za kutawanyika zaidi ya 89,000 na kukamata watu zaidi ya 42,000, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ikaibwaga. Mji ukaandika upya mwaka uliofuata, safari hii wakabana maana, wakataja magenge kutawala eneo na kuuza dawa. Bado sijaridhika nayo lakini hatua ile yenyewe inaonyesha kwamba inawezekana kutaja kinachowaumiza watu bila kukamata kusimama kwenyewe. Kutisha ni kosa, kuziba njia ni kosa, kuuza dawa ni kosa, kote huko kuna sheria zake tayari.

Na ndo maana nafurahi kwamba hata huku zilikopelekwa zinaanza kuporomoka. Malawi mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha mhuni na mzururaji, kesi ya mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akienda kazini kwake. Akienda kazini! Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ile yenye makao Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakiuka haki za watu na nchi zinatakiwa zizifute au zizirekebishe.

Binafsi nimewahi kuulizwa na mlinzi "unafanya nini hapa" nikiwa namsubiri mtu nje ya jengo moja, nikajikuta natoa simu najifanya nina shughuli. Nilikuwa sijafanya kosa lolote, ila nilijitetea kama mwizi, na hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Kwa hiyo anayezitetea hizi sheria namkaribisha kwa moyo mmoja, ila aje na jambo moja. Anitajie mtu anayetakiwa kukamatwa, halafu aniambie amefanya nini kwa kitenzi kingine chochote, kisiwe kusimama, kisiwe kukaa, kisiwe kutembea polepole.