Kurudi Dar ukiwa na kazi ya programu ya Toronto: siku inakwendaje?

Kutoka: mwanachama, Toronto

Ndugu wanajumuiya, habari za siku nyingi.

Mwajiri wangu hapa Toronto ameniruhusu nifanye kazi nikiwa Dar es Salaam kuanzia mwaka ujao. Masuala ya tiketi, mizigo na shule ya mtoto nimeyapatia majibu. Ambalo sijalipatia jibu ni siku yenyewe inavyokwenda. Nimeishi huku muda mrefu na nyumbani nimekuwa nikija likizo tu, na mtu wa likizo hauoni mji jinsi mkazi anavyouona. Je, anayeandika programu kwa ajili ya timu iliyoko Kanada anaamka saa ngapi, analala saa ngapi, na anapata wapi nafasi ya kujifunza jambo jipya au kufanya la kumfurahisha lisilohusu kazi? Huku nimezoea kusoma kozi za mtandaoni usiku baada ya kutoka kazini, na nisingependa kuiacha desturi hiyo.

Kutoka: mwanachama, Mikocheni, Dar es Salaam

Dada yetu wa Toronto, salamu nyingi kutoka Mikocheni.

Nitaanza na saa, kwa kuwa katika kazi yetu saa ndizo zinazoamua mengine yote. Dar es Salaam haibadilishi saa mwaka mzima, ilhali Toronto hubadilisha mara mbili, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo tunawatangulia kwa saa 8 wakati wa baridi yenu na kwa saa 7 wakati wa joto lenu. Wenzako wanapoingia kazini saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi katika ile miezi mingine. Na wanapofunga siku yao saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, huku ni saa saba usiku. Ukiifuata ratiba yao yote kama ilivyo utakuwa mtu wa usiku katika mji ambao fundi bomba, benki, shule na ofisi za serikali vyote ni vya mchana, na baada ya muda utaanza kuulaumu mji kwa uchovu ambao umeletwa na ratiba.

Timu yangu iko mashariki mwa Marekani, kwa hiyo saa zao ni zilezile za kwenu. Tulichokubaliana, na kikaandikwa ndani ya mkataba, ni saa nne kwa siku za kuwa hewani pamoja. Zilizobaki nazipanga mwenyewe. Naanza saa saba mchana na kazi zinazotaka utulivu, yaani kuandika msimbo na kupitia ule ambao wenzangu waliuacha usiku, kisha kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku ninakuwa nao kwa vikao na maswali. Vikao vinavyojirudia viwekwe kwenye kalenda kwa saa za Toronto na si za Dar, la sivyo siku saa zao zitakapobadilika kikao kitahama kwao, na timu nzima itakutafuta wewe.

Maana yake ni kwamba jioni umeiuza. Unachobaki nacho ni asubuhi, na hapo ndipo ninapotofautiana na desturi yako ya kusoma usiku. Saa tatu usiku unapofunga kompyuta, wa nyumbani wamekwisha kula, mtoto amelala au anapigania asilale, na kichwa chako kimejaa sauti za watu wa kwenye skrini. Kozi utakayoifungua wakati huo utaiangalia bila kuisoma. Asubuhi ya Dar ni kitu kingine. Jua huchomoza karibu saa zilezile mwaka mzima, mabasi ya shule hupita alfajiri kiasi cha kumwonea mtoto huruma, na baada ya hapo nyumba hunyamaza. Mimi nasoma kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu. Kufikia saa nne, hasa miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto linakuwa limekwisha kukuondolea hamu ya kufikiri.

Kuhusu kozi zenyewe, achana na zile za moja kwa moja. Darasa la saa moja jioni ya Toronto litakukuta huku saa tisa usiku. Chagua zilizorekodiwa, na nzuri zipo bila malipo: CS50 ya Harvard kwa mtu anayejenga msingi, na mihadhara ya MIT ya algorithimu kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi lakini msingi wake una matobo, kama wengi wetu tulivyo. Anayetaka shahada kamili aitazame ile ya uzamili ya Georgia Tech ya sayansi ya kompyuta, ambayo imekuwa ikitolewa mtandaoni tangu 2014 kwa ada isiyofika dola 10,000. Baadhi ya kozi huweka mwisho wa kukabidhi kazi kwa saa za mahali pa mwisho duniani kufikiwa na siku mpya, saa 15 nyuma yetu. Kwa hiyo kazi inayotakiwa Jumapili kabla ya usiku wa manane, hapa unayo hadi alasiri ya Jumatatu. Ni zawadi ndogo ya jiografia, itumie.

Hata hivyo kozi ya peke yako hufa. Tumeanza wengi, tukaishia video ya tatu. Kilichonisaidia ni kikundi cha kujisomea kinachokutana Jumamosi asubuhi Kijitonyama, watu wachache, ambapo kila wiki mmoja husimama na kueleza alichosoma kwa kalamu na ubao tu, kompyuta zikiwa zimefungwa. Wiki moja mwenzetu anayefanya kazi benki alitueleza jedwali la hashi, yaani njia ya programu kuhifadhi vitu na kuvipata haraka, kwa mfano wa masanduku ya posta: jina la mtu linakokotolewa hadi linatoa namba ya sanduku, barua inatupwa humo bila kupekua masanduku mengine, na ikitokea watu wawili wameangukia S.L.P. moja, basi humo ndani ndipo unapoanza kusoma majina kwenye bahasha. Mmoja akauliza, je, wapangaji wote wa posta wakiangukia sanduku moja? Tukatumia saa nzima kwa swali hilo, na hakuna video ambayo ingenishikisha jambo hilo vile.

Umeme na intaneti nitapita haraka, kwa kuwa vinazungumzwa mno. Hali ya umeme imepata nafuu tangu Bwawa la Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, lakini mtaa mmoja mmoja bado hukatikiwa. Betri ndogo ya ruta inatosha, kwa sababu ruta hula umeme kidogo sana na laptopu ina betri yake. Angalia tu uniti za LUKU zisiishe katikati ya kikao. Faiba ikifika nyumbani kwako ichukue, na simu iwe na kifurushi cha akiba cha kampuni nyingine. Jambo la kujipanga nalo kwa uzito zaidi ni nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala kamili ya mradi wake aliendelea kuandika, kwani Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, huhifadhi historia yote ndani ya mashine yako na haihitaji mtandao mpaka wakati wa kutuma. Pakua pia nyaraka za lugha unazotumia, na ukipenda, pakua Wikipedia nzima kwa programu ya Kiwix. Habari ya kodi muone mtaalamu kabla hujapanda ndege, kwa maana ukikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka unahesabiwa mkazi mbele ya sheria ya kodi.

Sasa la kujifurahisha. Ushauri wangu ni kwamba liwe jambo lisilo na skrini na lenye watu, kwa sababu wafanyakazi wenzako wote watakuwa picha ndogo ndogo kwenye kioo, na mtu anaweza kumaliza wiki nzima Dar bila kuongea ana kwa ana na yeyote zaidi ya muuza duka. Vikundi vya kukimbia vimejaa kila kona na havibagui mwenye kitambi. Kuogelea kupo. Mimi nimeangukia kwenye bao.

Najua utasema bao ni la wazee, na ni kweli, ndiyo sababu nalipenda. Kijiwe hakina fomu ya kujiunga: unapita, unawaamkia, unanunua kahawa na kashata, unatazama siku kadhaa bila kushauri mtu, kisha mmoja anachoka kukuona umesimama na anakupisha kwenye benchi. Ubao una safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, na nne zilizobaki mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zinakuwa mkononi. Mnanamua, yaani mnaingiza kete za mkononi moja moja, mpaka ziishe, ndipo mtaji unapoanza, yaani kucheza kwa kete za ubaoni tu. Kinachomtesa mgeni ni nyumba. Ukiwa umekula na kete yako ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yako, una hiari ya kusimama hapo au kuisafirisha, yaani kuzichukua kete zake zote na kuendelea kuzisambaza, na ukiisafirisha vibaya unamwaga akiba yako yote upande ambao mwenzako anausubiri. Nilikuwa nikiinama pale nahesabu zitakapoishia, midomo ikitembea, mpaka mzee aliyekuwa mbele yangu akasema, “Mwanangu, cheza, kahawa inapoa.” Nikaisafirisha, ikalala kwenye shimo tupu, akanila karibu zote. Usidhani mchezo huu utakufanya mwandishi bora wa programu, hautakufanya. Lakini kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi simu yangu inakuwa mfukoni na hainikumbuki.

Kutoka: mwanachama, Tabata, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Kaka wa Mikocheni amesema mengi ya kweli, ila ameandika kama mtu ambaye asubuhi yake kuna mwingine anayeifagia. Dada, mwenye mtoto mdogo na asiye na dada wa kazi hapati nyumba iliyonyamaza saa kumi na mbili na nusu. Anapata uji, sare za shule na gari lililochelewa. Na kijiweni kwenye bao mimi sijaona mwanamke ameketi, hata kama hakuna aliyeandika kwamba amekatazwa.

Kazi yangu ni ya London, ambayo inatofautiana nasi kwa saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa joto, hivyo namaliza saa mbili usiku au saa moja. Asubuhi baada ya pilika za nyumbani nakwenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu kujifunza ushonaji, na hapo ndipo kozi ya mtandaoni na mikono ya mtu vilipokutana. Fundi huyu hatumii karatasi ya kukatia. Anapima kwa tepe, anachora kwa chaki juu ya kitenge na mkasi unapita. Gauni langu la kwanza lilivuta mabegani, akalitazama, akasema “chimba mbele zaidi,” basi. Nyumbani nikatafuta somo la kuchora vipande vya nguo, nikaelewa kwamba pale mkono unaposhonewa, kipande cha mbele huchimbwa ndani zaidi kuliko cha nyuma kwa sababu mikono yetu huelekea mbele. Kesho yake nilimweleza. Alicheka, akasema hilo analijua tangu utotoni ila hakuwahi kuulizwa sababu. Siku hizi mimi namtafutia mishono mipya kwenye video, naye ananifundisha kutia zipu isionekane, jambo ambalo video zote zimeshindwa kunifundisha.

Kitambaa cha kujifunzia nunua Kariakoo, kipande cha bei ya chini, wala usiguse kitenge kizuri mpaka fundi akuruhusu.

Kutoka: mwanachama, Toronto

Asanteni sana, kaka na dada. Nimezungumza na meneja wangu kuhusu saa nne za pamoja, naye amekubali ziandikwe kwenye mkataba, ila anataka ziwe kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri za hapa. Nikihesabu, wakati wa baridi hiyo ni saa moja jioni hadi saa tano usiku huko. Nikubali?

Kutoka: mwanachama, Mikocheni, Dar es Salaam

Dada, usikubali bado. Hizo ndizo saa za chakula cha usiku, za wageni kubisha hodi na za mtoto kutaka kusaidiwa kazi za shule, na ukilala baada ya saa sita, asubuhi niliyokusifia hutaiona. Mwombe ianze saa tatu asubuhi yao, na umpe sababu ya kikazi: wewe utakuwa umekwisha kufanya kazi saa nne kabla yao, kwa hiyo hitilafu iliyotokea usiku wao wataikuta imeshughulikiwa au angalau imeandikiwa maelezo wanapofungua kompyuta. Mameneja wengi hulielewa hilo haraka kuliko habari ya chakula cha usiku. Akishikilia msimamo, omba siku mbili za wiki ziwe za mapema, mojawapo iwe Ijumaa, na utuandikie kabla hujatia saini.