Mlango wa treni umenifungia puani na jamaa yuko ndani ANANIPUNGIA MKONO

Wakuu salamu baadaye. Naandika nikiwa ndani ya treni ya Yamanote hapa Tokyo, sijalala, na kwa hasira niliyonayo ukinichomeka waya nawasha taa za Shibuya nzima mpaka Jumatano.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Kama wewe ni Mswahili na umewahi kukanyaga Tokyo basi umeshakula naye, umeshamlipia, au vyote viwili. Yule wa "mimi Tokyo hii naijua kama sebuleni kwetu". Huyo huyo.

Jana usiku, Shibuya, treni ya mwisho ya laini ya Saikyo kwenda Omiya anakokaa jamaa, mlango umefunga mimi niko hatua moja, na jamaa yuko upande wa pili wa kioo ananipungia mkono. Hakushtuka, hakugonga kioo, hakuigiza hata huzuni. Kapunga. Tena ule mkono wa taratibu kama malkia anapita na gari.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo muone uzito wake. Sisi tumetoka Nagoya na basi la usiku, kwa sababu Shinkansen, ile treni ya kasi, kwenda tu ni zaidi ya yen elfu kumi na sisi ni wanafunzi wa baito, yaani vibarua, tunaosha masahani ndani ya zile saa 28 kwa wiki tunazoruhusiwa. Wikiendi moja tu ya kuona jiji na washkaji. Bwana mkubwa akasema tulieni, nyinyi njooni, mimi ndiyo mwenyeji, kulala kwangu, ramani mimi.

Ramani yenyewe sasa! Katuambia tumsubiri Shibuya kwenye sanamu ya yule mbwa Hachiko saa nne asubuhi. Hachiko alimsubiri bosi wake karibu miaka kumi, na sisi tulishaanza kuota manyoya. Kaja anatafuna. Akatupitisha Shinjuku ati njia ya mkato, stesheni ina milango ya kutokea zaidi ya 200, tunatafuta mashariki tunaibukia magharibi, tunarudi chini, tunaibukia kwenye duka la mikoba, yeye mbele anasema "tumefika" kila baada ya dakika tano. Akihabara tumeiona tukiwa mbio. Halafu alituahidi jua la jioni kule Shibuya Sky, jukwaa la kutazamia jiji, mita 229 juu, tumefika mlangoni tiketi za jioni zimeshaisha, kumbe tangu wiki iliyopita anasema "nimeshaweka sawa" hakuwahi kununua hata moja.

Yote hayo nimesamehe. NIMESAMEHE. Nilichoshindwa ni ule mkono.

Usiku tukaingia izakaya, baa ya Kijapani, moja ndogo ya ghorofa ya pili, nomihodai, yaani unakunywa utakavyo kwa muda wa saa mbili, jamaa akakamata ile tableti ya kuagizia hakuiachia tena. Karaage, yakitori, gyoza, karaage tena. Akaletewa kile kibakuli cha otoshi, kitafunio cha kukaribishwa mezani, ambacho kila aliyekaa Japani wiki moja anajua unalipia hata hujaagiza, akaanza kumgombeza dada wa watu kwa Kijapani cha kuungaunga, yule dada anainama tu anaomba radhi, mimi natamani sakafu inimeze. Bili ikaja, keshi tu. Wote wana PayPay ya kulipia kwa simu, mwenye keshi ni mimi. "Lipa kaka, tutakurushia." Nikalipa meza nzima, pochi ikabaki na risiti.

Sasa sikilizeni. Tunakimbilia treni ya mwisho. Wenzangu wamegusisha kadi wamepita. Mimi nagusisha Suica, kadi yangu ya nauli, geti linalia, vile vibao vinanipiga mapajani, salio yen 90. Mashine ya kuongeza salio inakula keshi, na keshi yangu iko tumboni mwa jamaa! Namwita, "kaka nirushie elfu moja tu hapo hapo." Yuko ng'ambo ya geti, hatua tatu. Pochi anayo mkononi, nimeiona kwa macho yangu, ya kahawia, imevimba. Akaniambia "fanya chap, treni inaingia", akapanda ngazi.

Nimetoka mbio mpaka konbini, duka la saa 24, ATM, nimerudi mbio, nimeongeza salio, nimepanda zile ngazi mbilimbili, ule mlio wa kufunga milango unalia, nafika, paap. Kioo. Yeye. Mkono.

Alinipungia mkono jamani.

Kisha meseji: "ungekaza kidogo ungewahi". Taksi mpaka Omiya usiku ule ni nauli ya kwenda kuoa, na kuanzia saa nne usiku wanaongeza asilimia 20 juu yake. Nimejibanza netikafe, zile intaneti kafe za kukesha, wamedai kadi ya ukaazi kwanza, kibanda cha mbao, godoro jeusi la plastiki linalogandana na shavu, viatu nje, jirani anakoroma mpaka supu ya bure inatikisika kwenye kikombe. Treni zimeanza karibu saa kumi na nusu alfajiri. Na begi langu liko kwake!

Nafungua meseji za LINE asubuhi hii, najua sasa ataomba msamaha. Katuma HESABU. Ati nadaiwa yen 130 za kopo la kahawa ya jana Asakusa.

Huyu mtu asialikwe tena popote. Msibani asialikwe.

———

karanga_mbichi: Hahahaha alikupungia mkono gani, wa kulia au wa kushoto

DogoWaChiba: Nimemjua kwenye "sebuleni kwetu". Mwaka jana alitupeleka kuona Fuji, tumeona mawingu na kaburi la nauli zangu.

mama_onigiri: Pole mdogo wangu. Ila na wewe unatembeaje Tokyo na Suica ya yen 90? Mbona Suica ya kwenye simu unaongeza salio hata ukiwa chooni.

Mleta uzi: Dada simu yangu ni ya Android ya nyumbani, Suica haikubali. Na suala siyo Suica. Suala ni MKONO. Mtu ana pochi mkononi.

buda_wa_Nairobi: Wueh, huyo msee alikulia otoshi na akakuachia bill, na bado uko na nguvu ya kutype 😂 Mimi ningekuwa kwa platform nikimngoja mpaka leo.

Saburi_: Naomba niwe mkweli, mimi nilikuwa behewa lile. Hakuwa anakupungia wewe, alikuwa anafuta kioo.

Mleta uzi: Wewe ndiye ulikuwa umeinamia simu unacheza gemu, utaona nini? Anafuta kioo huku anatabasamu? Kioo kina ukungu mwezi wa nane?

karanga_mbichi: Kafuta kioo 😭😭😭 uzi ufungwe

KitengeOsaka: Nyie watu wa Tokyo mateso mnajitakia. Njooni Osaka watu wana utu. Tatizo letu sisi ni eskaleta, ngazi za umeme, tu, mgeni akitoka huko kwenu anasimama kushoto anaziba njia nzima, huku tunasimama kulia!! Jana Umeda mmoja kaziba na sanduku lake nimekosa treni.

Mleta uzi: Nagoya tuna kanuni ya jiji tangu Oktoba 2023, hakuna kutembea kwenye eskaleta, unasimama. Tusitoke kwenye mada tafadhali. Alinipungia.

KitengeOsaka: Kanuni mnayo, anayeifuata nani? Nimekuja Nagoya mwezi wa tano watu wanapita mbio upande wa kulia.

DogoWaChiba: Mkizungumzia kero mimi yangu ni mapipa ya taka. Nimenunua takoyaki, vile vitumbua vya pweza, nimetembea na kile kisahani na kijiti kuanzia Harajuku mpaka nyumbani. Tangu lile shambulio la gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za Tokyo la 1995 mapipa yalitolewa mpaka leo unabeba uchafu wako kama kitambulisho.

mama_onigiri: Huo siyo uchungu. Uchungu ni kutafuta nyumba. Nimelipa reikin ya mwezi mzima, zawadi kwa mwenye nyumba, hairudi, halafu ananiambia nisipike vitu vyenye harufu. Nikamwuliza dagaa je? Kanyamaza.

Ndugu_Bukavu: Mama, wewe angalau ulijibiwa. Mimi nilipiga simu ofisi saba, wakisikia jina wanasema nyumba imeshachukuliwa sasa hivi, sekunde hiyo hiyo.

buda_wa_Nairobi: Shibuya nayo siku hizi huwezi kunywa can ya beer barabarani karibu na stesheni kuanzia saa kumi na mbili jioni, tangu October 2024. Nilizubaa nayo hapo kwa crossing, mzee wa vest akanifuata na kibao.

Mleta uzi: Jamani begi langu. Kuna mtu anakaa karibu na Omiya anaweza kunichukulia begi? Sitaki kumwona usoni.

karanga_mbichi: Nenda kachukue, ukifika mpungie.

DogoWaChiba: Kuna mtu anauza baiskeli? Yangu niliachiwa na senpai, mkubwa wangu aliyenitangulia huku, aliyerudi nyumbani, polisi kanisimamisha jana usiku, usajili bado una jina la senpai, nimesimama barabarani nusu saa anapiga redio.

Ndugu_Bukavu: Ulichukua ile karatasi ya kukabidhiwa? Bila hiyo hawabadilishi jina.

DogoWaChiba: Karatasi gani tena

mama_onigiri: Mwandikie senpai aandike kwa mkono, ajaze namba ya usajili na namba ya fremu, asaini, akutumie. Peleka duka la baiskeli pamoja na kadi yako ya ukaazi, ni yen mia kadhaa tu. Kama ilisajiliwa mkoa mwingine inabidi ifutwe kwanza huko.

DogoWaChiba: Ilisajiliwa Gunma 😩

KitengeOsaka: Uza tu hiyo, nunua mpya. Ila usininunulie mimi, Osaka nina tatu.

DogoWaChiba: Tatu za nini mkuu? Nipe moja